Ukingo na Zeituni

14 Machi

Mdogo wangu,

Mama alipoteza sauti Jumanne tarehe kumi na mbili, asubuhi, akiwa amesimama kwenye kaunta ya duka langu akikunja maboksi ya pizza. Akafungua mdomo amwambie mteja kitu, hakikutoka. Naanza na hilo kwa sababu ningeanza na salamu ungeisoma salamu ukaiweka barua pembeni, kama unavyofanya na simu zangu. Sasa salamu: hujambo? Hiyo kazi yako ya kwenye baridi inaendaje? Sisi tupo.

Daktari amesema ni kiharusi. Mkono wa kulia umelegea. Kumeza anameza, akili ipo, anatutambua. Ila hali chochote. Uji anageuza uso, supu anageuza uso. Daktari akasema, "Mpe kile anachokipenda kuliko vyote, hata kiwe cha ajabu. Kilainishe tu." Nikamwambia hilo si tatizo, mimi nauza pizza. Nikampandishia chumbani, juu ya duka, nyembamba ya uyoga. Katika kila pizza kumi ninazotoa, nne ni hiyo, kwa hiyo usiniambie ni mbaya. Amefunga mdomo kama mlango wa benki.

Ndipo nikagundua jambo la kuchekesha, ila sijacheka. Miaka kumi na moja nimesimama mbele ya oveni. Najua fundi viatu wa hapa jirani hataki kitunguu. Najua mwalimu wa hesabu anataka pilipili hoho upande mmoja tu, na upande wenyewe ni wa kushoto. Mama yangu anapenda pizza gani, sijui. Wewe ndiye uliyekuwa kipenzi chake. Anapenda ipi?

Dada yako


25 Machi

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, vidole tu ndivyo vinaingia ganzi. Mama mpe shikamoo yangu, mwambie kwenye sikio la kushoto, ndilo lililokuwa zuri. Nimechelewa kujibu na sina sababu. Niliisoma barua yako, nikaenda kazini, nikarudi, nikaisoma tena.

Anayoipenda mama ni ile nene ya kwenye sinia, yenye zeituni nyingi. Sina shaka hata kidogo. Unakumbuka Jumamosi za mwisho wa mwezi, akitoka kupiga pasi kule hotelini, anakuja na moja kwenye boksi lililolowa mafuta? Vipande sita: vitatu vyako, vitatu vyangu. Yeye anasema ameshakula kazini. Lakini zeituni hazikumpita. Alikuwa anazila moja moja huku amefumba macho. Unga uache uumuke usiku kucha. Usiusukume, utandaze kwa vidole. Zeituni ziwe nyeusi, na kokwa utoe.

Huku kwetu ni ghala zima la pizza zilizogandishwa. Boksi likipasuka tunagawana sisi wa zamu. Mimi nachukua ya nanasi, na najua ulivyokunja uso hapo ulipo. Siku hizi hata hiyo siisikii ladha vizuri. Utamu unakuja kwa mbali, kama mtu anayeongea chumba cha pili.

Mdogo wako,
Kibonge


28 Machi

Kibonge,

Marahaba. Shikamoo yako imefika, sikio la kushoto. Akapepesa macho, basi. Wewe vaa glovu mbili mbili.

Nimeoka nene kama ulivyoagiza. Unga gramu mia tano, maji mia tatu sabini na tano, umelala usiku kucha kama mfalme. Zeituni ishirini na nne, kokwa nimetoa kwa mkono. Nikampondea moja kwa kijiko nikampa. Akaitema kwenye taulo. Ya pili akaitema kiganjani mwangu. Zilizobaki nikampa mlinzi wa duka, naye akasema, "Bosi, hizi zina chumvi kama machozi ya tajiri."

Siku anaanguka mama alikuwa kilo hamsini na nane. Leo hamsini na mbili. Hesabu hiyo haihitaji kalamu.

Unasema huna shaka hata kidogo! Mtu aliyeondoka siku ya pili ya duka kufunguliwa kwa sababu nilifuta pizza ya nanasi kwenye ubao wa bei, leo ananifundisha kutandaza unga. Oveni nilinunua ya mtumba, mlango wake nikaufunga kwa waya mwaka mzima. Hukuwepo. Nimekuuliza swali moja ukalijibu vibaya. Fikiria tena.

Dada yako


6 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumaini mama amelala vizuri na wewe umepata hata lepe la usingizi.

Nimefikiria tena, ghalani muda wa kufikiria upo. Mimi ndiye nilikuwa sipendi zeituni. Nilikuwa nazitoa kwa kidole, nazipanga pembeni ya sahani, mama anazichukua. Sijawahi kumwona akila zeituni ambayo haikutoka kwenye sahani yangu. Hata yale macho, sasa sijui kama alikuwa anayafumba kwa utamu.

Na wewe ulikuwa unakula katikati unaacha ukingo. Sahani yako ilikuwa kama imejaa kamba za ndala. Nao ulikuwa wa mama.

Kwa hiyo sijui anapenda nini. Nadhani hatujawahi kumuuliza.

Nimemwambia msimamizi nina mgonjwa. Akanipa karatasi ya ruhusa nijaze. Ipo chini ya mto. Nikiwaza kuingia chumbani kwa mama, sijui nitasimama wapi.

Kibonge


17 Aprili

Kibonge,

Marahaba. Ulichelewa, nami nikachelewa, kila mtu na zamu zake. Natumaini vidole vipo vyote kumi. Barua hii nimempa dereva wa basi mkononi, ili usije ukasema ilichelewa.

Jumapili nilichoka. Sikumpikia mama kitu. Mchana nilifunga duka, nikapanda na pizza ya soseji iliyokataliwa na mteja, imeshapoa, nikakaa kwenye kiti cha kando ya kitanda nikala mwenyewe. Sikuwa na njaa, sikuwa na huzuni, sikuwa na kitu. Natafuna tu naangalia ukuta. Ukingo nikauacha kwenye sahani, maana mpaka leo, mimi mwenye duka la pizza, ukingo wangu mwenyewe haupiti. Nikasikia sahani inasogea. Ni mkono wake wa kushoto. Akauchukua ukingo, akaugeuza geuza, akautia mdomoni.

Nikamnyang'anya, ungemkaba. Nikauchovya kwenye supu mpaka ukalainika, nikamrudishia. Akala. Akala na wa pili. Nilikaa pale nikingoja nilie, kilio hakikuja. Nikaenda kuosha sahani.

Wewe unanijua, sikubali kitu kabla sijakipima. Jumatatu nikamwokea ukingo mtupu, mpya, laini. Akageuza uso. Jana nikala mbele yake, nikabakiza, akala. Anachokula ni kile kilichobaki mtoto wake akishashiba. Kingine hakitambui kama ni chake.

Halafu akimaliza ukingo, anaisukuma sahani kuelekea kiti cha pili, kile ambacho hakina mtu. Anaisukuma, anangoja. Jana nikapanga zeituni pembeni ya sahani, kwa mstari, kama ulivyokuwa unazipanga wewe. Akaziangalia. Akaniangalia mimi. Nikaona haya nikaziondoa.

Asubuhi hii ana kilo hamsini na moja. Hazijapanda, ila zimeacha kukimbia. Lakini kwa ukingo peke yake hafiki mbali, na mimi nina tumbo moja tu la kubakizia. Nusu ya chakula chake iko kwenye sahani yako.

Nanasi nimelirudisha kwenye ubao. Mteja akilitaka anapewa, ila simwangalii usoni. Usidhani nimebadilika.

Habari za msimamizi na karatasi yake usiniletee tena. Kutoka kwako mpaka hapa ni basi la usiku mmoja, nimeuliza kituoni. Utasimama wapi? Utakaa. Kiti kipo, na mama anakionyesha kila siku.

Jumapili naoka ile nene, vipande sita, na unga wake lazima ulale. Naukanda Jumamosi hii, tarehe ishirini, saa kumi na mbili jioni, na nikishaukanda siongezi wala sipunguzi. Kabla ya saa hiyo nataka neno moja, ili nijue nakanda wa watu wawili au wa watatu: unakuja au huji?

Dada yako