Tundu Nililoliziba

Itigi, kambi ya kokoto

Mama yangu, shikamoo. Na Baba umfikishie shikamoo yake. Mnaendeleaje huko Nduguti, miguu yako je, mtama mmemaliza kupura? Mimi natembea na ninakula, ila kichwa kimevurugika. Dada Marta akusomee polepole, asiruke neno hata akilia.

Barua yenu nimeipata juzi. Mnasema mtoto wa Marta anakohoa tu, akipumua mbavu zinaingia ndani, na Bibi kasema ni upepo wa baridi umemwingia, kwa hiyo mmemsogeza karibu zaidi na moto. Mama! Niliposoma hapo nikasimama, nikakaa, nikasimama tena.

Ngoja nianzie huku. Sisi tunaponda mawe ya kutandika chini ya reli. Vumbi usiseme, jioni wote tunafanana, kama tumemwagiwa unga. Nyapara anatupa maziwa kila mchana, anasema yanashusha vumbi. Nikayanywa kwa bidii, mpaka ya mwenzangu Saidi nikamnyang'anya, lakini kifua kikazidi kubana. Nikaenda kwa dresa, yule anayefunga vidonda na kugawa dawa zahanati.

"Maziwa yanapita wapi?" akaniuliza.

"Kooni, mzee."

"Yanaenda wapi?"

"Tumboni."

"Na pumzi nayo inaenda tumboni?"

Nikajishika kifua. Akacheka mpaka akashika meza. "Kijana, umeosha tumbo! Vumbi liko kwenye mapafu. Tena lile unalojipangusa usoni lina nafuu, pua inalikamata. Baya ni lile jembamba usiloliona, linazama ndani kabisa. Na moshi wa kuni ni hivyo hivyo. Mtoto mchanga kwenye nyumba ya moshi ni kama wewe kwenye mawe, ila yeye mapafu yake ni ya kifaranga."

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Moshi si ndio umetulea sote? Mbegu si tunazitundika juu ya moto ili wadudu wasizile? Sasa kinachookoa mbegu kinamuumizaje mtoto? Au kinaua wadudu kwa sababu hiyo hiyo? Nimemsumbua Saidi kwa maswali mpaka kasema, "Yohana, utapasuka."

Na Mama, lile tundu la moshi juu ya mafiga nililiziba mimi, nilipokuja wakati wa mavuno. Baba alisema moshi unatoroka, mbegu hazikauki. Nikakandika udongo siku ile ile, mkanisifu. Wiki iliyofuata Marta akajifungua. Sijui kama ni mimi niliyemletea mtoto kikohozi. Nimemuuliza dresa mara mbili, anasema hawezi kujua bila kumwona mtoto.

Basi mpelekeni zahanati leo, mbavu zikiingia hivyo si jambo la kungoja. Na Baba alitoboe tena tundu lile kabla hujaikunja barua hii. Mpikie nje. Marta na mtoto wahamie upande wa mwisho wa tembe, wajifunike vizuri. Bibi atanuna. Mwambieni sijamdharau, hata mimi baridi naiogopa. Mbegu zikiliwa tutaomba kwa shangazi.

Mimi sasa najifunga kitambaa puani, wenzangu wananiita bi harusi. Dresa anasema hakitoshi, ila afadhali.

Nisalimieni Bibi, shangazi aliyehamia kijiji cha ujamaa, na balozi wetu wa nyumba kumi.

Mama, ikiwa nimekosea, ikiwa kweli ni upepo, niandikie, nitakuja kuliziba tena kwa mikono yangu. Lakini kwanza toboeni.

Ni mimi mwanao,
Yohana