Mbao Nene za Endara

Basi hofu hiyo unayouliza itaisha lini, Biira mjukuu wangu, mimi bado ninayo. Huku Bwera tu wazima, na bibi arusi wangu Kabugho anakusalimu; nikimtazama tu, moyo unaruka.

Unataka kuacha gitaa la besi kwa kuogopa jukwaa la Kasese na ile roki yako ya mapigo saba. Ujanani nilipewa kupiga mbao nene, zile za besi, za endara, marimba yetu kubwa, kwenye sherehe. Macho ya watu yakanitisha, nikaacha kupiga. Wachezaji wakakwama. Msichana mmoja akafoka, "Wee wa mbao nene, umekufa? Tukanyage wapi?" Nikapiga na hofu yangu hivyohivyo, wakacheza.

Msichana huyo ndiye Kabugho. Juzi nikimvisha pete mbele ya watu, nikakwama vilevile. Akaninong'oneza, "Piga tu, mzee."

Kabla mwezi haujaisha tutakuja kukusikiliza, naye anataka kucheza.

Babu yako