Kitambaa Nisichokipima

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Wewe, wifi na watoto hamjambo? Sisi huku tu wazima, ila mimi moyo haujatulia. Nakuandikia nikiogopa kwamba ukimaliza kusoma hutataka tena kunitia machoni.

Unaikumbuka karakana ya baba? Ile meza ndefu yenye makovu ya mkasi, na chaki kila mahali, mpaka kwenye chai! Baba alikuwa fundi mkuu, lakini hakukata kitambaa kabla mtu mwingine hajakipima tena. Aliyekuwa karibu ndiye aliyeitwa, hata mshona vifungo. Wateja walimcheka, wakiuliza huyu ni fundi gani anayesahihishwa na wanafunzi wake. Naye aliwajibu kwamba nyani haoni kundule, basi waacheni wenzake wamtazamie.

Mwezi uliopita alinikabidhi karakana. Aliwaambia mafundi wote kwamba ananiachia mimi kwa sababu sijawahi kumdanganya kipimo. Lo! Nilitamani ardhi inimeze.

Kaka, ile suti ya bwana harusi iliyokufukuzisha, vipimo vyako vilikuwa sahihi. Baba ndiye aliyekosea kuchora. Aliniita nikipime kitambaa, nami nilikuwa nimenogewa na umbea pale dirishani. Nikamjibu kwamba kiko sawa, bila hata kuikunjua futi ya kupimia. Suruali ikaishia juu ya vifundo, baba akakufukuza mbele ya watu, nami nikaufyata. Miaka kumi na miwili nimeufyata! Nisamehe, kaka yangu.

Jumapili nilimweleza baba, Jumatatu nikawaeleza mafundi wote, na uongozi nimeurudisha. Baba hakufoka. Aliuliza tu unaishi wapi. Nikamwambia nitakuandikia kwa niaba yake, akakataa katakata. Alisema aliyemfukuza mwanawe mbele za watu hamwombi radhi ndani ya bahasha.

Msalimie sana wifi, na watoto waambie shangazi yao anawapenda.

Baba atafika Jumamosi asubuhi. Nimemwambia kwamba unakaa ghorofa ya nne na magoti yake hayawezi tena ngazi. Akasema atapanda hata kwa kutambaa. Kaka, kama utakubali kumwona, tafadhali shuka.

Mdogo wako,
Kiroboto