Jiwe Lililonuka Omena

Mama yangu, baridi ya huku Ulaya inauma hadi meno, lakini leo nimetoka jasho.

Lile jiwe la shambani kwetu Suna, ambalo yule mnunuzi wa ardhi alisema ni takataka, nimelipeleka maabara ya chuo. Wana mashine mpya ya leza. Mwanga wake unatoboa kitundu kwenye jiwe, cheche inaruka, na rangi za cheche zinapigwa picha. Kila madini yana mistari yake ya rangi kwenye picha hiyo.

Mwalimu akapiga, akatazama picha, akacheka. "Chumvi na chokaa tu. Tupa." Wenzangu nao wakacheka. Nikalinusa jiwe. Mama, ulilifunga pamoja na omena, wale dagaa wakavu wa Muhuru Bay!

Nikamwambia, "Hapo umepima chumvi na mifupa ya samaki wetu. Piga tena, kwenye tundu lile lile." Akakataa. Nikasimama mbele ya mashine yake mpaka akapiga. Mwanga ukapita uchafu ukaingia ndani, na mistari ya shaba ikatokea wazi. Safari hii hakucheka mtu.

Basi usiweke kidole gumba kwenye karatasi ya yule bwana anayetaka kununua shamba. Kijaluo hajui, nami nataka habari hii imfikie, ndiyo maana nimeandika Kiswahili, tena kwenye kadi isiyo na bahasha, ili karani wa posta akusomee kwa sauti pale dirishani, mbele ya foleni.

Omena nimewala wote, hata vichwa, nikikukumbuka.

Nawe karani, kama yule bwana yuko hapo, soma tena.

Mwanao, Atieno