Sindano ya Pua

Dar es Salaam, 9 Februari 2025

Dada Evodia, shikamoo. Natumaini wewe, mama na watoto hamjambo hapo Kinyangiri. Mimi ni mzima, bado naendesha lori la saruji.

Uliniuliza kwa nini siku hizi sitaki kupigwa picha. Nitakuambia, ila usicheke. Kuna grupu kwenye simu hii hii ninayokuandikia, la wanaume watupu. Unaweka picha ya uso, wenzako wanaupima: taya, pua, macho. Mimi waliniambia pua imelala, taya hakuna, na mwanamke akinikubali ni huruma tu. Nilicheka nao. Lakini tangu hapo kwenye kioo cha lori najitazama mimi, sio magari ya nyuma. Kuna mtaalamu humo humo anachoma sindano za kujaza pua na taya. Nimeshaongea naye.

Mdogo wako, Naftali

Kinyangiri, 11 Februari

Mdogo wangu, marahaba. Sisi wazima, ila mama mgongo unamsumbua. Mvua imekatika, mtama umesimama tu.

Sijacheka. Hao watu wamewahi kula na wewe? Huyo mtaalamu ni daktari wa hospitali gani? Pendo alikupenda na pua hiyo hiyo, na mliachana kwa sababu ya safari zako. Usichomwe kitu, Naftali. Subiri uje Pasaka tuongee.

Dada yako, Evodia

Dar es Salaam, 2 Machi

Dada, shikamoo. Za nyumbani?

Nimechomwa jana, chumba cha nyuma cha saluni. Taya iko vizuri. Alipofika puani nikasikia moto, jicho la kushoto likaingia giza. Anasema ni kawaida, litafunguka. Leo ngozi ya pua imeanza kuwa nyeusi. Usimwambie mama.

Naftali

Kinyangiri, 2 Machi

Naftali, salamu baadaye. Nenda hospitali sasa hivi. Nimepiga hupokei. Nenda.

Dada

Dar es Salaam, 30 Machi

Dada yangu, shikamoo. Natumaini mko salama. Nisamehe kwa kimya.

Nilichelewa hospitali. Mtaalamu alinizuia, akisema madaktari watamharibia kazi yake. Madaktari wanasema ile dawa iliingia kwenye mshipa wa damu ikauziba. Jicho limekufa. Pua wamekata sehemu iliyooza. Lori kapewa mtu mwingine, na namba ya mtaalamu haipatikani.

Niliwaeleza wa grupu ili wengine wasichomwe. Mmoja akajibu, "Sasa ndiyo umekuwa mbaya kweli." Wakacheka, wakaniondoa.

Mdogo wako, Naftali

Kinyangiri, 1 Aprili

Ndugu yangu, marahaba. Nimelia huko shambani ili mama asinione. Pole sana. Huko huna tena cha kusubiri. Panda basi Jumatatu uje nyumbani. Tutakupokea stendi, mimi na mama. Nimemwambia unakuja kupumzika tu.

Dada yako, Evodia

Manyoni, 8 Aprili

Dada, shikamoo. Najua mlinisubiri.

Nilishuka Manyoni. Ndani ya basi nilivua barakoa ninywe maji, mwanamke wa kiti cha pili akamfunika mwanawe macho. Nikamfikiria mama akiniona. Kuna mtu hapa, Ezekieli, ana ghala la alizeti. Amenipa pa kulala, nabeba magunia. Mwambie mama bado niko Dar. Usije.

Naftali

Manyoni, 10 Aprili

Naftali, hujambo? Sisi hatujambo. Tuko stendi ya Manyoni.

Nilishindwa kumdanganya tena. Jana nilimweleza mama yote: jicho, pua, na kwa nini. Alikuwa anachambua maharage, akaendelea kuyachambua hata yalipokwisha kuwa safi. Kisha akauliza, "Anakula?" Nikamwambia sijui. Akainuka akaenda kufunga nguo zake, na leo alfajiri tukapanda basi.

Sasa hivi anamwuliza kila anayepita ghala la Ezekieli liko wapi. Wameshatuonyesha njia, lakini bado anauliza. Ukitaka kufunga mlango, funga. Tutakaa nje.

Dada yako, Evodia