Mke Mwenza wa Mama Amechipua

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu ulipotutoka asubuhi ile ya Ijumaa hapa Makassar. Daeng Gassing, fundi uliyetengeneza friji za mtaa mzima, ya kwetu ukaiacha ikivuja.

Ulikuwa mpole. Hukumfokea mtu, na mgeni hakuondoka kwako bila kula. Ila Mama ametuagiza tusikusifu tu, tuandike na lake.

Lake ni Intan. Yule tumbawe wako wa duara, wa zambarau, asiyeshika mwamba, aliyelala huru mchangani katikati ya tangi la kioo sebuleni. Kila jioni baada ya swala ulizima pampu, ukamdondoshea kipande cha kamba wa baharini mdomoni, ukakaa pale mpaka akimeze. Chakula cha Mama kikapoa mezani.

"Subiri kidogo, Mama Rida," ulimwambia. "Huyu hana mikono ya kujipakulia."

"Mimi ninayo," Mama akajibu, "ndiyo maana sijalishwa tangu harusi."

Ulicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa na wivu, Baba, wivu wa mke mwenza hasa, na amesema tuliandike neno hilo lilivyo.

Baada ya kisomo cha arobaini hakuvumilia tena kumwona. Alimtoa mchangani akambana nyuma ya mawe, asionekane kutoka mezani. Ulishatuonya sote kwamba Intan huvimba na kunywea, na mwili wake ukikwaruzwa na jiwe huchanika. Mama alilijua hilo. Wiki mbili tu, nyama yote ilitoka, ukabaki mfupa mweupe. Mama alilia kuliko siku ya kukuzika. Kisha akaurudisha mfupa palepale mchangani, akaendelea kubadilisha maji kama ulivyokuwa ukifanya.

Mwezi uliopita Rida aliona vichipukizi vitatu vya zambarau juu ya mfupa, vidogo kama vifungo vya shati, kila kimoja na mdomo wake. Jioni hiyo Mama alizima pampu, akavilisha kimoja kimoja. Wali ukapoa.

Alipomaliza akatuambia, "Mwandikieni baba yenu. Huyu wake alikufa, amerudi. Yeye anangoja nini?"

Unakumbukwa na mkeo Daeng Kebo, wanao Rida na Syahrul, mkweo Hamzah na dada yako Daeng Ngai. Hutatutoka moyoni siku zote tutakazoishi. Mama anakuomba radhi hapa gazetini, mbele ya watu. Wivu, anasema, hajauacha.