Jina la Dereva wa Kifaru

Mama mpendwa,

Goti linaendeleaje? Na barabara yenu hapo Kitengela inapitika, au ule udongo mweusi umeshawafungia nyumbani?

Mimi ni mzima. Kanada ni baridi tu, na kazi ya ghalani ni ile ile, kubeba na kupanga. Jumamosi niliingia duka la mitumba (ndiyo Mama, hata wazungu wana mitumba) nikaukuta ule mchezo wa mezani wa kifaru cha vita, ule ule tulioachiwa na injinia wa kiwanda alipohama kule kwetu Magadi. Nilisimama pale nikicheka peke yangu, watu wakinitazama.

Unaukumbuka? Ni mchezo wa mtu mmoja, lakini mimi na kaka Wekesa tuliucheza wawili, tumelala sakafuni kwa sababu ya lile joto. Unarusha dadu, kifaru cha adui kinatokea, unarusha tena ujue kama umepona. Kabla ya vita lazima uandike majina ya watu watano walio ndani ya kifaru chako. Siku tuliyomwandika Baba, ulituvamia ukainyakua karatasi.

"Huyu ako hai, na nyinyi mnamwandika kwa gari ya kuuawa? Andikeni wale walishaenda!"

Basi tukawaandika marehemu. Babu akawa kamanda. Shangazi Nekesa, ambaye hata baiskeli ilimshinda, akawa dereva. Na Baba, aliyeendesha lori la kiwanda miaka yote, alikaa hapo na fulana yake akilalamika.

"Huyo dada yangu atawaangusha kwa mtaro. Nipeni mimi hiyo gari!"

"Wewe kunywa chai," ulimjibu.

Tulicheka mpaka majirani wakauliza kuna nini. Natamani jioni zile, Mama, nazitamani sana.

Jumapili baada ya kanisa niliutandaza mchezo mezani. Nilimwandika Babu, nikawaandika ndugu zake watatu, nikafika kwa dereva, mkono ukakataa. Nikwambie ukweli. Tangu karatasi za uhamiaji ziliponizuia kuja kumzika Baba, sijawahi kutamka kwamba amekufa. Watu wakiniuliza, nasema baba yangu ni dereva, yuko Kenya. Nikimwandika, kwa sheria yako, nitakuwa nimekubali.

Chai ilipoa mbele yangu. Mwishowe nikaandika jina lake, lote, pamoja na lile la ubatizo. Nililia kilio ambacho sikulia siku mliponipigia simu. Sikucheza hata mzunguko mmoja.

Nisalimie kaka Wekesa na shemeji. Mwambie Wekesa aje na watoto wakae nawe Jumapili, asisingizie kazi ya Namanga. Mama Nasieku, jirani anayekuletea maziwa, mwambie nimemsalimu kwa Kimaasai chao: supa.

Jana kazini mwenzangu mpya aliniuliza kama wazazi wangu wote wawili wako hai. Nilimjibu, "Niko na Mama."

Mwanao,
Barasa